Arusha Besi, Unanipata?

Kabla simu za mkononi hazijaingia porini, kampuni ya utalii ya Arusha isiyokuwa na redio kol haikuhesabiwa kuwa kampuni. Ungeweza kuwa na Land Rover mpya na mahema ya turubai zito, lakini kama hukuwa na waya mrefu uliovutwa kutoka paa la ofisi hadi kwenye mkaratusi wa jirani, wenzako walijua kwamba gari lako likikatika springi kule Moru au Ndutu, wageni watalala palepale mpaka apite mtu. Mimi nilikaa chini ya waya kama huo. Kwenye barua ya ajira niliandikwa karani wa kupokea oda za wageni. Kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto ilikuwa redio. Mezani nilikuwa na daftari la mistari, penseli mbili na kisanduku cha chuma chenye mikrofoni ya kubonyeza, na miguuni betri ya lori. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilibonyeza nikaanza kuita kambi moja baada ya nyingine, kwanza iliyo mbali kuliko zote.

Siku hizi nikikutana na vijana wa kazi hii, habari ni dishi. Ni dishi la bapa, jeupe, la sentimita 30 kwa 26, zito kidogo kupita kilo moja, ambalo mtu analitoa kwenye begi na kulilaza juu ya boneti, na baada ya dakika chache mgeni anaongea na mkewe Ulaya huku wakitazamana. Nalipenda dishi hilo, na kwa nini nitasema. Ila vijana wanalisimulia kana kwamba kabla yake porini palikuwa kimya. Hapakuwa kimya hata siku moja. Palikuwa na watu waliobeba maneno kwa miguu, kwa waya na kwa upepo, na wengi wao hawakuandikwa popote.

Wawili walioandikwa ni Abdallah Susi na James Chuma, watumishi wa msafiri Livingstone. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, hapakuwa na njia ya kumwarifu mtu yeyote isipokuwa kutembea. Walimkausha mwili, wakaufunga, wakaelekea pwani pamoja na wenzao. Njiani Chuma alitangulia na watu wachache, na mwezi Oktoba akafika Kwihara, karibu na Tabora, ambako msafara wa Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, ulikuwa umeweka kambi. Hapo ndipo Mwingereza wa kwanza alipopata habari, miezi mitano na zaidi tangu kifo chenyewe. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Na habari ilipofika Unguja, bado haikuwa na bawa: waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulikuwa umefika Aden mwaka 1870, lakini Zanzibar haikuunganishwa mpaka 1879. Ikabidi habari ipande meli kwanza.

Kila nikisoma kisa hicho nasimama mahali pamoja. Livingstone mwenyewe aliandika barua nyingi akiwa bara, akazikabidhi kwa misafara iliyokuwa ikishuka pwani, na nyingi hazikufika. Waliofika ni watu waliokuwa na habari vichwani na mabegani. Nadhani yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kupeleka ujumbe porini anaelewa kwa nini. Karatasi haina haja ya kufika, mtu anayo.

Wajerumani walivuta waya wa telegrafu kutoka boma hadi boma, Waingereza wakaurithi na kuuongeza, lakini waya ulikomea kwenye boma. Nje ya boma palikuwa na tarishi, na tarishi alikwenda kwa mwendo wa miguu yake. Hali hiyo ilidumu kuliko wengi wanavyofikiri. Januari 1954, ndege ndogo aina ya Cessna iliyomchukua Ernest Hemingway na mkewe Mary kutazama maporomoko ya Murchison, Uganda, iligonga waya wa telegrafu ulioachwa bila kutumika, ikaanguka. Rubani wa ndege ya abiria aliyepita juu aliona mabaki bila dalili ya mtu, na magazeti duniani yakaanza kupiga chapa tanzia zake. Wenyewe walikuwa hai, wamelala porini juu ya mto. Siku iliyofuata mashua iliwachukua hadi Butiaba, na huko wakapanda ndege nyingine iliyoshika moto ikijaribu kuruka. Wakatoka tena, safari hii wameumia vibaya. Wapenzi wa vitabu hukisimulia kisa hiki kama bahati ya mwandishi mkubwa. Mimi nakisoma kama historia ya mawasiliano. Waya usiobeba tena neno lolote uliangusha ndege, na kwa kuwa hakuna sauti yao iliyosikika popote, dunia iliwazika.

Miaka mitatu baadaye, 1957, madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya Madaktari Warukao ambayo leo ni AMREF. Ndege ya mgonjwa haina faida kama hakuna wa kuiita. Ndiyo maana pamoja na ndege zilikwenda redio, kwenye hospitali za misheni na zahanati zilizokuwa mwisho wa barabara, zote zikizungumza na chumba kimoja katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Kampuni za uwindaji na za utalii zilitumia mtindo huohuo: kituo kimoja mjini, ambacho sisi tulikiita besi, saa maalumu za kuitana asubuhi na jioni, na daftari. Nilipoanza kazi, wazee walionifundisha walikuwa wakisema kwamba saa ya redio ni kama saa ya swala, haisubiri mtu.

Sasa nieleze redio yenyewe, maana vijana wanaichanganya na ile ya mkononi wanayotumia magari mawili yakifuatana. Ile ya mkononi husafirisha sauti kwa mstari ulionyooka. Ikikuta mlima, imekwisha. Yetu ilirusha sauti juu, hadi kwenye tabaka la anga ambalo jua hulitia chaji ya umeme, mamia ya kilomita kutoka ardhini, ikagonga na kurudi chini mbali sana. Waya wake ulikatwa kwa kipimo. Kwa masafa ya megahezi 5 ulihitaji kama mita 28, umegawanywa katikati, umefungwa juu kwenye miti miwili kwa kamba isiyopitisha umeme. Kambi ikihama, kazi ya kwanza ya kijana wa redio, kabla hata ya choo kuchimbwa, ilikuwa kutafuta miti miwili. Alirusha jiwe lenye kamba juu ya tawi, akavuta waya, akausogeza mpaka ukae sawa. Wapo waliokuwa na shabaha ambayo ningetamani mtu angeipiga picha.

Mchana tulitumia masafa ya juu, jioni tukashuka, kwa kuwa tabaka lile hubadilika jua linapozama. Msimu wa masika radi zilijaza masikio, na ulilazimika kusikia neno la mtu katikati ya mipasuko. Na kulikuwa na jambo ambalo kila mgeni wa kazi lilimshangaza: Katavi, upande wa pili wa nchi, ilisikika safi, huku Manyara, ambako gari linafika kwa saa mbili, haisikiki kabisa. Sauti ilikuwa imeruka juu ya Manyara na kushuka mbele yake. Basi nilimwambia mtu wa Katavi, naye akamwambia mtu wa Manyara, naye Manyara akajibu Katavi, na jibu likanirudia mimi. Ujumbe wa nyanya kreti mbili na unga wa ngano ulivuka nchi mara mbili ili ufike mtaa wa pili. Hatukuona ajabu. Mtu wa Katavi hakuwa wa kampuni yetu, wala hakulipwa kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Redio kol haikuwa mali ya mtu mmoja. Masafa yalikuwa na leseni na kila kituo kilikuwa na jina lake la kuitia, lakini ukibonyeza na kusema, wote walio kwenye masafa hayo wanasikia: besi, kambi zako, kambi za wengine, misheni, mara nyingine rubani aliye angani. Asubuhi moja ungeweza kusikia kwamba daraja la mto fulani limebebwa na maji, kwamba tembo wamevunja tangi la kambi ya jirani, kwamba gari la mboga limekwama na dereva anaomba winchi. Hakuna aliyekuagiza usaidie. Uliposikia, ulikuwa umeshajua, na ukishajua huwezi kujifanya hujui. Nimeona kampuni mbili zilizokuwa zikigombania wageni mjini zikipeana dizeli porini kwa sababu tu mtu mmoja alisema hewani kwamba amebakiza robo tangi.

Kusikilizana huko kulizaa adabu zake. Ya kwanza ilikuwa kuhusu msiba.

Mpishi yuko Rungwa, wiki tatu hajashuka, na nyumbani kwake Kibosho mama yake amefariki. Kaka yake anakuja ofisini asubuhi, anasimama mlangoni na kofia mkononi. Mimi ndiye njia pekee. Lakini nikibonyeza na kutamka neno hilo, litasikika kambi zote kabla halijamfikia mwenyewe, na litamfikia kupitia sauti ya kijana wa redio aliye mdogo kuliko mwanawe, mbele ya masufuria na wageni wakisubiri chai. Hilo halikufanyika. Tulisema hivi: “Mpishi anahitajika nyumbani. Ashuke na ndege ya leo.” Basi. Kila aliyekuwa hewani alielewa, na hakuna aliyeuliza. Kijana wa redio hakwenda kwa mpishi. Alikwenda kwa mtu mzima zaidi pale kambini, dereva mzee au mlinzi, na huyo ndiye aliyemchukua pembeni. Hata yeye hakumwambia yote. Alimwambia, “Mama anaumwa sana, jiandae,” na mengine yakamkuta uwanja wa ndege wa Arusha, mikononi mwa ndugu zake, ambako mtu anapaswa kulia.

Jioni yake, wakati wa kuitana, kambi moja moja zilisema kabla ya mambo yao, “Tunawapa pole wote wa besi.” Jina la marehemu halikutajwa. Mchango ulikusanywa huko huko porini na kushuka na gari la wiki ile, noti zimefungwa kwenye bahasha na majina ya waliotoa, wengine wa kampuni ambazo mpishi hakuwahi kuzifanyia kazi. Niliweka bahasha hizo kwenye droo na kuzikabidhi kwa mkono wangu. Katika yote niliyofanya mahali pale, hilo ndilo ninalojivunia.

Kuzaliwa, kinyume chake, kulitangazwa kwa kelele. “Mwambie dereva wa gari namba nne amepata wa kike, kilo tatu na nusu, mama mzima!” Na hapo nidhamu yote ya hewani ilivunjika kwa dakika tano.

Siku ambayo siisahau ni tarehe 28 Oktoba 2003. Baada ya chakula cha mchana niliita kambi ya Selous kuhusu ndege ya kesho, sikupata kitu. Si mikwaruzo wala radi. Ukimya mtupu, masafa yote, kana kwamba kila mtu amezima kwa pamoja. Fundi alikuja akapima waya, akapima betri, akabadilisha mikrofoni. Vituo vya wengine navyo vilikuwa hivyohivyo. Baadaye nilisoma kwamba saa nane na dakika kumi mchana kwa saa zetu jua lilikuwa limelipuka kwa nguvu ya daraja la X17, mmoja wa milipuko mikubwa kuwahi kupimwa, wakati bara letu likiwa limelielekea moja kwa moja. Mionzi yake ililivuruga tabaka la anga hata likawa linameza sauti zetu badala ya kuzirudisha. Zilirejea siku ileile. Lakini bosi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, na wiki hiyo aliagiza simu ya satelaiti.

Wazo la satelaiti lilikuwa la zamani. Mwaka 1945 Arthur C. Clarke, Mwingereza, alieleza katika jarida la ufundi wa redio kwamba chombo kikiwekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta kitazunguka sambamba na dunia, na kwa hiyo kitaonekana kimesimama mahali pamoja angani. Afrika Mashariki iliingia katika habari hiyo mapema kuliko tunavyokumbuka. Kenya ilijenga kituo cha ardhini Longonot, na kuanzia 1970 sahani zake kubwa zikaunganisha simu zetu na ng’ambo. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya X kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Watoto wa shule zetu wangepaswa kuijua tarehe hiyo.

Matatizo ya satelaiti za mbali vile ni mawili: zinahitaji sahani iliyoelekezwa barabara, na sauti hutumia robo sekunde kupanda na kushuka, hivyo mnagongana maneno. Inmarsat, iliyoundwa kwa ajili ya meli, ilikuja nchi kavu kwa vifaa vya ukubwa wa mkoba vilivyotumiwa na mashirika ya misaada na waandishi wa habari. Iridium ilichukua njia nyingine: satelaiti 66 zinazozunguka chini, kilomita kama 780, na simu ya mkononi yenye antena nene. Ilianza Novemba 1998, simu moja ikiuzwa karibu dola 3,000 na dakika ikigharimu dola kadhaa, na Agosti 1999 kampuni ilikuwa imefilisika. Wanunuzi wapya waliifufua mwaka 2001. Mwaka huo pia Thuraya ya Falme za Kiarabu ilianza huduma, na simu zake zilionekana sana kwetu kwa sababu bei ilikuwa nafuu kidogo.

Simu ya kambi ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli, hemani kwa meneja. Mgeni aliruhusiwa kwa malipo ya kila dakika. Dereva aliruhusiwa gari likiwa limeharibika. Mpishi hakuwa na sababu ya kuruhusiwa. Na kwa kuwa mambo yote makubwa sasa yalipita kwenye simu, kambi ziliacha kufungua redio asubuhi, kwanza moja, kisha tatu. Niliita na kuita. Aliyekuwa akinipokelea Katavi alihamia kazi nyingine, na kijana aliyempokea hakuwa amefundishwa kurusha jiwe juu ya tawi. Meneja alikuwa ananipigia ofisini kwa simu: sentensi mbili, haraka, kwa sababu ya gharama, na hakuna mwingine aliyesikia. Daraja likibebwa na maji, ilijua kampuni moja.

Sisemi simu hiyo ilikuwa mbaya. Iliokoa watu. Mgeni mwenye maumivu ya kifua hahitaji kuzungushwa kupitia Katavi. Nasema tu kwamba ndiyo iliyovunja ule ujirani wa hewani, si dishi. Dishi linalaumiwa leo na wazee wenzangu kwa jambo lililotokea miaka ishirini kabla yake, na sioni haki hapo.

Minara ya simu ilisogea taratibu. Sehemu za Serengeti zikapata mtandao, kisha kingo za Ruaha. Mlima Kilimanjaro ulipata intaneti ya Shirika la Mawasiliano, TTCL, mwezi Agosti 2022 katika kambi ya Horombo, mita 3,720, na kabla ya mwaka kwisha ikafika kileleni Uhuru, mita 5,895. Watu walisema sana kwamba mlima umepata kabla ya vijiji. Ni kweli, na ni neno zito. Lakini mpagazi aliyeko Horombo na mke mjamzito Marangu naye ni mtu wa kijiji.

Kisha likaja dishi, la mtandao wa Starlink. Starlink ilirusha satelaiti zake 60 za kwanza Mei 2019, na kufikia 2024 zilikuwa zimepita 6,000, zikizunguka kilomita kama 550 tu juu yetu. Umbali huo mdogo ndio unaofanya mazungumzo yasichelewe. Halihitaji kuelekezwa barabara kama sahani zile. Ndani ya lile bapa mna antena ndogo nyingi zinazogeuza mawimbi kwa umeme, bila kugeuka zenyewe, zikifuata satelaiti moja inayopita kwa kasi na kurukia nyingine kabla ya kwanza haijazama. Rwanda ilifungua huduma Februari 2023, Kenya Julai mwaka huohuo. Kwetu Tanzania leseni ilichelewa, na msafiri aliyevuka Namanga na dishi kwenye buti bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano alikuwa anajitafutia matatizo. Dishi dogo, lile la begini, lilitangazwa 2024. Linakula wati 25 hadi 40, kwa hiyo powabanki kubwa au betri ya gari inalitosha jioni nzima, na Kenya kulikuwa na kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 za huko. Nilipokumbuka bei ya dakika moja ya ile simu ya kwenye sanduku, nilikaa chini.

Mtoto wa mdogo wangu anaongoza wageni kaskazini mwa Kenya, safari za miguu na ngamia kuelekea Ziwa Turkana, bonde la Suguta na nchi ya mawe meusi karibu na Loiyangalani. Sehemu kubwa ya huko haina mnara. Alikuja Krismasi na dishi lake, ila kwa kuwa alikuwa Arusha, bila kibali, hakuliwasha. Alinionyesha tu jinsi anavyolipanga. Nilimuuliza maswali ya mtu wa redio. Adui wake ni nini? Mti, akasema. Mgunga mmoja upande mbaya unakata mazungumzo kila baada ya sekunde kadhaa, satelaiti zinapopita nyuma ya matawi. Korongo ni baya zaidi, maana anga limebaki ufa. Nikafikiri jinsi mambo yalivyogeuka: vijana wangu walitafuta miti miwili mirefu, yeye anatafuta mahali pasipo hata mmoja. Joto nalo linalizima. Mchana wa Suguta analiacha kivulini, jioni analitoa.

“Na vumbi?” nikamuuliza.

“Mama mkubwa, vumbi nalifuta kwa kitambaa. Linalonisumbua ni wageni.”

Alieleza kwamba wengine wanakuja wakisema wamekimbia kazi, na usiku wa kwanza wanaomba neno la siri. Hakulaumu. Mama mmoja mgeni alikuwa na mtoto hospitalini kwao, na kama lisingekuwa dishi asingekuja kabisa. Lakini wapo waliokaa kwenye kiti cha turubai wakitazama mkutano wa ofisi huku ngamia wanakunywa maji mbele yao. Mpwa wangu ameweka utaratibu: dishi linawashwa machweo hadi chakula cha usiku, na wakati wowote wa dharura.

Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu mwanzo. Neno la siri wanalo akina nani?

Alinyamaza kidogo. Mwanzoni mwenye kampuni alitaka liwe la wageni na kiongozi tu, kwa kuhofia bando kuisha. Wapishi na wachunga ngamia wangekaa gizani nyuma ya hema la jikoni, wakiona mwanga wa simu za wengine. Yeye na viongozi wenzake walikataa. Walifanya hesabu mbele ya mwenye kampuni: ujumbe wa sauti wa dakika moja hauli kitu, kinachokula ni video. Wakakubaliana kila mfanyakazi awe na neno la siri, video zifungwe, ujumbe na simu za sauti ziwe wazi. Sasa mchunga ngamia wa Kisamburu anajua bei ya mbuzi Maralal kabla hajafika sokoni, na mpishi kutoka Meru anamsikia mtoto wake akisoma herufi. Hayo hayakuwahi kutokea katika zama zangu. Mimi nilibeba maneno ya wapishi, lakini sikuwahi kuwapa nafasi ya kusikia sauti za watoto wao. Redio yangu haikufika jikoni kwao Kibosho.

Nikamweleza na yangu: habari za saa kumi na mbili na nusu, mtu wa Katavi, bahasha za pole. Aliandika kwenye simu yake. Wao huko juu, akasema, kila kampuni iko kivyake. Mwaka jana mto ulifurika ghafla na kundi moja likaona, likahama, na kundi lililokuwa chini yake halikuambiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na namba yao. Hakuna aliyekufa. Lakini waliopoteza mizigo walikuwa na dishi, na walioona maji walikuwa na dishi.

Tulikaa mezani tukaandika orodha ya kambi na viongozi wote anaowajua kati ya Baragoi na ziwani, na hospitali ya misheni iliyo karibu na kila mmoja. Nilimwambia waitane mara mbili kwa siku, kwa sauti na si kwa maandishi, kwa zamu ya majina, anayekosa mara mbili atafutwe. Yeye alikuwa amefikiria jioni tu, dishi linapowashwa. Nikamwambia asubuhi pia, kabla ya kupakia ngamia, kwa sababu mto hujaa usiku, na kwa sababu saa hiyo ndiyo watoto wa wapishi wanatoka kwenda shule. Ameniandikia wiki hii kwamba kampuni nne zimekubali, ya tano inauliza nani atalipia bando la asubuhi.